Kianzio cha Nyumba Kigoma: Namna ya Kukikusanya, Kukilinda na Kukitoa kwa Wakati Wake

Kianzio ndiyo pesa inayotoka mfukoni kabla hujashika ufunguo, kabla hati haijabadilishwa jina, wakati mwingine kabla hata hujamjua vizuri huyo unayemlipa. Kwa sababu hiyo ndiyo pesa inayopotea kwa urahisi kuliko nyingine zote katika safari ya kununua nyumba.

Najua kwa sababu ilinikuta. Mwaka 2016 mimi na mume wangu tulipata nyumba Ujiji, ya zamani, mlango wa mninga, baraza ya saruji iliyong'aa kwa kukaliwa miaka mingi. Aliyekuwa anauza alijitambulisha kuwa mtoto wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa amefariki. Tukatoa milioni 3, tukaandikishana mbele ya mashahidi wawili, tukarudi nyumbani tukipanga rangi ya ukutani. Wiki ya tatu akashuka dada yake kutoka safarini, vumbi bado kwenye khanga, akasimama barazani pale pale. "Kaka, baba hatujamkalia kikao hata kimoja. Unauza nini?" Hakutugombeza sisi. Alitutazama tu, akasema, "Shemeji, poleni, lakini hii nyumba ina watoto saba." Tulirudishiwa nusu ya pesa, kwa vipande, kwa miezi kumi na minne.

Mwongozo huu nimeuandika kwa anayetaka kununua nyumba au kiwanja cha kujenga hapa Manispaa ya Kigoma Ujiji na vijiji vinavyoizunguka, hasa yule ambaye kianzio ndicho kinachomkwamisha.

Kwanza, lielewe soko la hapa

Ukisikia watu wa Dar es Salaam wakizungumzia kununua nyumba, wengi wanamaanisha nyumba iliyokamilika, unalipa unahamia. Hapa kwetu nyumba za namna hiyo zinazouzwa ni chache. Kinachouzwa zaidi ni vitu vitatu: kiwanja kitupu, pagale, yaani nyumba isiyomalizika ambayo mwenyewe ameishiwa nguvu, na nyumba ya zamani ya familia. Kila kimoja kina kianzio cha namna yake na hatari ya namna yake.

Eneo la Mwanga ndiko kwenye biashara, kwa hiyo ardhi ya huko hupimwa kwa macho ya fremu za duka kuliko macho ya mtu anayetafuta pa kulala. Anayetaka nyumba ya kuishi tu, bila mpangaji wala duka mbele, atakuwa analipia kitu asichokihitaji. Gungu na Katubuka zina mchanganyiko wa nyumba mpya na za muda mrefu. Kata za pembezoni kama Businde na Buhanda ndiko wengi wenye kipato cha kawaida wanakopata nafasi, lakini uliza maji ya KUWASA yamefika mtaa gani na nguzo ya TANESCO iko umbali gani na kiwanja. Kiwanja cha bei rahisi kinachodai nguzo nne za umeme si cha bei rahisi tena.

Ujiji inahitaji subira ya peke yake. Ni mji mkongwe, wa misafara, na nyumba zake zimepita mikono ya vizazi. Nyumba moja inaweza kuwa na warithi Kigoma, Bujumbura, Uvira na Dar es Salaam. Sisemi usinunue Ujiji. Ninapapenda, na jirani wa Ujiji ni jirani kweli. Ila usitoe kianzio cha nyumba ya Ujiji kabla hujasoma sehemu ya upekuzi huko chini.

Halafu kuna ziwa. Kila mtu anataka upepo wa Tanganyika dirishani. Mwaka 2020 na 2021 maji yalipanda, na 2024 yakapanda tena. Walio karibu na fukwe za Kibirizi na Katonga wanajua maji yalifika wapi. Mbali na maji yenyewe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ukionyeshwa kiwanja cha ufukweni, beba futi ya kamba, upime mwenyewe. Na usipime kuanzia pale maji yalipo wakati wa kiangazi.

Kigoma ni vilima. Kiwanja cha mteremko huuzwa nafuu kisha hudai pesa yake kwenye msingi: mawe, nondo, ukuta wa kuzuia udongo. Ukiweza, katembelee kiwanja Machi au Aprili mvua zikiwa zimekolea. Utaona korongo linapita wapi, na utaona kama njia ya kuingilia ni njia au ni mfereji.

Jambo jingine linalosukuma bei ni reli. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa (SGR) ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na tangu hapo kila dalali ana kiwanja "karibu na stesheni". Usilipie stesheni ambayo hujaiona. Mbaya zaidi, kiwanja kilicho karibu mno na njia kinaweza kuwa ndani ya hifadhi ya reli, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya reli yenyewe. Hilo utalijua kwenye mchoro wa mipango miji, halimo mdomoni mwa dalali.

Pili, piga hesabu ya kianzio na ya deni lenyewe

Benki zinazotoa mkopo wa nyumba nchini kwa kawaida hutaka mnunuzi aje na asilimia 10 hadi 20 ya bei mkononi. Riba ya mikopo hii imekuwa ikitembea kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka, na muda hufika miaka 15, 20, hata 25.

Chukua nyumba ya milioni 50. Ukija na asilimia 20, yaani milioni 10, unakopa milioni 40. Kwa riba ya asilimia 17 na miaka 15, rejesho ni kama shilingi 616,000 kwa mwezi, na mpaka unamaliza umelipa karibu milioni 111.

Ukija na asilimia 10 tu, yaani milioni 5, unakopa milioni 45 na rejesho linapanda hadi kama 693,000. Tofauti ya 77,000 kwa mwezi inaonekana ndogo, lakini kwa miaka 15 ni karibu milioni 14. Yaani zile milioni 5 ulizokosa mwanzoni zimekugharimu milioni 14.

Sasa wengi wakishaona 616,000 ni nzito, huomba muda urefushwe. Mkopo ule ule wa milioni 40 kwa miaka 20 unashuka hadi kama 587,000 kwa mwezi. Umepunguza 29,000. Jumla utakayolipa ni kama milioni 141, milioni 30 zaidi. Mimi kwa miezi sita zaidi ya kukusanya kianzio ningesubiri, kuliko kuongeza miaka mitano ya deni.

Kwa mwajiriwa kuna ukuta mwingine: makato yote hayapaswi kula mshahara mpaka ibaki chini ya theluthi moja. Kama tayari una mkopo wa mshahara wa pikipiki au wa harusi, nafasi ya mkopo wa nyumba imeshapungua. Maliza ule kwanza. Kwa mvuvi na mfanyabiashara wa dagaa, benki itatazama mzunguko wa akaunti, na mzunguko wetu una mashimo: kuna siku za mbalamwezi ambazo dagaa hawavuliwi, na kuna kipindi kama kile cha Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi. Anayepitisha mauzo yake yote mkononi, bila kuyaweka benki wala kwenye simu kwa jina lake, anajinyima ushahidi. Anza kupitisha pesa kwenye akaunti mwaka mzima kabla ya kuomba.

Juu ya kianzio, weka fungu jingine pembeni. Kuna mthamini, wakili, ada za benki, bima ya nyumba na ya maisha ya mkopaji, ushuru wa stempu, ada za usajili. Mimi huwaambia watu watenge asilimia 5 hadi 7 ya bei kwa ajili ya haya. Nimeona watu wakikopa kwa riba za mtaani ili kulipia karatasi za mkopo wa benki, na hapo ndipo safari inapoharibika.

Tatu, kianzio kitatoka wapi

Kuna nchi, Marekani kwa mfano, ambako majimbo na miji ina mifuko ya kumsaidia mnunuzi wa mara ya kwanza kulipa kianzio, wengine kwa mkopo usio na riba, wengine kwa ruzuku kabisa. Hapa Kigoma hakuna dirisha la namna hiyo la kwenda kupanga foleni. Hata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni ya shughuli za kiuchumi za vikundi. Anayekushawishi muunde kikundi cha ushonaji ili mpate pesa ya kiwanja anakuingiza kwenye deni la uongo, na wenzako watano ndio watakaolilipa.

Msaada upo, lakini umejificha ndani ya vitu vingine.

SACCOS ya kazini, yaani chama cha akiba na mikopo, ndiyo ya kwanza kuitazama. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, kwa riba ya chini kuliko mtaani. Mwalimu mwenye akiba ya milioni 2 anaweza kufika milioni 6 bila kuweka rehani nyumba ya mtu. Ila ukumbuke kwamba mkopo huo nao unahesabika kwenye ile theluthi. Ukiutumia kama kianzio cha mkopo wa benki, unaweza kukuta umepata kianzio na kukosa mkopo. Njia nzuri zaidi ni kuutumia kununulia kiwanja kilichopimwa, ukamaliza, kisha hati ya kiwanja ndiyo ikawa dhamana na mchango wako kwenye mkopo wa ujenzi.

VICOBA, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na michezo ya kupeana inakusanya pesa vizuri kuliko watu wanavyoidhania. Mama mmoja, jirani yangu Mwanga, muuza mawese, alinunua hisa kila Jumapili kwa miaka mitatu. Kila Desemba kikundi kilipovunja mzunguko na kugawana, mgao haukuingia nyumbani hata siku moja. Ulikwenda moja kwa moja kwenye akaunti nyingine. Aliniambia, "Mwanangu, pesa ya mgao ikilala ndani usiku mmoja inapata ndugu." Bandu bandu huisha gogo, na lile gogo lake lilikuwa kiwanja Businde chenye namba na kitalu.

Akaunti ile nyingine ndiyo siri. Kianzio kinachokaa kwenye simu huliwa. Kinachokaa akaunti ya kawaida ya benki hakizai. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, kama Mfuko wa Ukwasi, inapokea kiasi kidogo kidogo, thamani yake hukua, na ukitaka pesa yako unaipata ndani ya siku chache za kazi. Hizo siku chache ndizo zinazokuokoa na dalali anayesema "leo leo, kuna mtu mwingine anakuja saa kumi".

Halmashauri inapopima viwanja na kuviuza, malipo hayatakiwi yote siku moja. Tangazo husema yanakamilishwa ndani ya muda gani. Viwanja vya namna hii, vikiwemo vilivyopimwa kwa mpango wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha, kwangu mimi ndiyo msaada mkubwa wa kianzio uliopo kwa mtu wa kawaida. Unalipa kidogo kidogo, unalipa serikalini kwa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali), na hakuna shangazi wa marehemu atakayetokea. Soma tarehe ya mwisho kwa makini, kwani ukiivuka kiwanja kinaweza kurudi. Na ukishamilikishwa kuna sharti la kuendeleza, kwa kawaida ndani ya miezi 36.

Kwa mtumishi wa umma, ipo Watumishi Housing Investments inayouza nyumba kwa watumishi, na imekuwa na utaratibu wa mpangaji mnunuzi, yaani kodi unayolipa inahesabika kwenye bei. Shirika la Nyumba la Taifa nalo lilijenga nyumba za gharama nafuu Mlole. Ulizia kama kuna iliyorudi sokoni kabla hujazunguka na madalali.

Kwa Mwislamu asiyetaka riba, na mji wetu una wengi, mlango haujafungwa. Amana Bank inafanya kazi kwa misingi ya sharia, na benki kama CRDB na NBC zina madirisha yao, Al Barakah na La Riba. Kwenye murabaha benki hununua kisha hukuuzia kwa bei iliyoongezwa faida, na bei hiyo haibadiliki. Bado utatakiwa kuwa na mchango wako wa mwanzo, na bado utatakiwa kuwa na hati safi. Omba uonyeshwe jumla utakayolipa mpaka mwisho, uilinganishe na hesabu niliyokupigia hapo juu.

Njia inayosahaulika ni kukubaliana na muuzaji mwenyewe alipwe kwa awamu. Anayeuza pagale mara nyingi anasomesha au anamalizia nyumba nyingine, hahitaji yote leo. Nimeona pagale likilipwa theluthi tatu kwa miezi kumi na minane bila benki. Inawezekana, ila tu kama mkataba umeandikwa na wakili na umesema wazi nini kinatokea ukichelewa mwezi mmoja.

Nne, upekuzi kabla ya shilingi ya kwanza

Madalali wana neno lao, "kishika uchumba", pesa kidogo ya kumzuia muuzaji asimpe mwingine. Kishika uchumba nacho ni pesa. Kisitoke kabla ya haya yafuatayo.

Nenda kwenye nyumba bila dalali, jioni, watu wakiwa wamerudi. Salimia majirani wa kulia, kushoto na nyuma. Usiulize "hii nyumba ina shida?" kwa sababu hakuna atakayemharibia jirani biashara. Uliza mpaka unapita wapi. Mpaka wenye ugomvi utausikia kwenye sauti. Kisha utafute mawe ya mipaka mwenyewe. Kiwanja kimoja Gungu nilichosindikiza mdogo wangu kukiona kilikuwa na mawe matatu yanayoonekana. La nne tulilikuta kwa kuchimba kwenye tuta la mihogo ya jirani, hatua tano ndani ya kile alichodhani ni chake. Hakuwa na ubaya, alikuwa amerithi shamba hivyo hivyo. Lakini hatua tano zilikuwa ndio choo na uzio wa mdogo wangu.

Fika kwa mwenyekiti wa mtaa umuulize historia ya nyumba. Yeye ni shahidi mzuri wa nani anaishi wapi. Si yeye anayemilikisha ardhi, wala muhuri wake si hati, wala hakuna sheria ya ardhi inayompa asilimia 10 ya bei. Ukiombwa hiyo, omba risiti ya serikali yenye kontroo namba, na mazungumzo yatabadilika.

Idara ya ardhi ya manispaa ndiko utakakoonyeshwa mchoro wa mipango miji. Uliza kiwanja namba fulani, kitalu fulani, kimepangwa kwa matumizi gani. Kiwanja kilichochorwa kuwa barabara, shule au eneo la wazi hakiwi cha makazi kwa sababu mtu amekijengea. Kwa pagale, uliza kibali cha ujenzi. Pagale lenye alama ya X nyekundu ya kubomolewa iliyopakwa chokaa juu, nimeliona, na ukilikwaruza kwa ukucha inajitokeza.

Kama kuna hati, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa. Zamani ilibidi mambo mengi yafuatwe kanda, Tabora. Sasa ofisi iko hapa hapa mkoani. Matokeo yatakuambia jina la mmiliki aliyesajiliwa, muda uliobaki kwenye hati (33, 66 au 99 ndiyo miaka ya kawaida), na kama kuna rehani ya benki au zuio la mahakama. Linganisha jina na kitambulisho cha NIDA cha anayeuza, herufi kwa herufi. Uliza na deni la kodi ya pango la ardhi, kwani likiwepo halitamfuata muuzaji, litabaki na ardhi.

Barua ya toleo, ile tunayoita ofa, si hati, ila ni hatua ya kuelekea hati. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi. Karatasi ya mauziano ya mtaa peke yake, bila namba ya kiwanja, benki haitaigusa kwa mkopo wa nyumba. Ukinunua chenye karatasi hiyo tu, ujue umenunua kwa pesa taslimu maisha yako yote mpaka eneo lirasimishwe. Kwenye vijiji kama Simbo na Kidahwe utakutana na ardhi ya kijiji, iliyo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hapo ni halmashauri ya kijiji inayoidhinisha, kwenye kikao chenye muhtasari. Sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi.

Nyumba ya urithi: usikubali "mimi ndiye mkubwa wa familia". Ukubwa wa familia si usimamizi. Omba fomu ya mahakama ya uteuzi wa msimamizi wa mirathi, nenda mahakamani ukathibitishe namba ya shauri, na omba muhtasari wa kikao cha familia wenye sahihi za warithi wanaokubali kuuza. Mrithi aliyeko Congo asaini mbele ya mwanasheria wa huko au atume uwakilishi ulioandikwa. Kama wanakuambia hilo litachelewesha, waambie utasubiri. Kianzio chako kitasubiri pamoja nawe.

Na mke. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Muuzaji akiwa na wake wawili, uliza ni nani anaishi humo na uone ridhaa kwa maandishi. Ongea naye. Siyo simu ya mume akisema "mama amekubali". Kaa naye, mnywe chai, umsikie mwenyewe akisema anakwenda kuishi wapi baada ya hapo. Mwanamke asiyejua atahamia wapi hajakubali, hata kama amesaini.

Tano, kukitoa kianzio

Sasa mkataba. Wakili awe wako, si wa muuzaji, na hakiki kwamba ana leseni ya mwaka huu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la nyumba ni mkataba uliosema haya: bei yote kwa tarakimu na kwa maneno, kianzio ni kiasi gani na ni sehemu ya bei, salio litalipwa lini na kwa masharti gani, kama benki ikikataa mkopo kianzio kinarudi chote ndani ya siku ngapi, kama muuzaji akigeuka anarudisha nini zaidi, nani analipa kodi gani, na siku ya kukabidhi nyumba ikiwa tupu. Hilo la benki kukataa watu wengi hawaliandiki, na ndilo linalowatoa machozi.

Kianzio kilipwe benki kwa benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye hati, au kibaki kwenye akaunti ya wateja ya wakili mpaka uhamisho wa umiliki uidhinishwe. Kisilipwe mkononi, wala kwenye simu ya shemeji yake muuzaji. Kabla ya uhamisho kuidhinishwa, usimpe muuzaji zaidi ya asilimia 10 ya bei hata akibembeleza. Kama mwaka 2016 tungekuwa tumeweka zile milioni 3 kwa wakili, dada wa watu angeshuka safarini na sisi tungerudi nyumbani na pesa yetu.

Ada ya dalali mkubaliane mapema, kwa maandishi, na ilipwe baada ya uhamisho. Wengi hutaja asilimia 5 hadi 10. Anayetaka yake yote siku ya kianzio hana sababu tena ya kukusaidia jambo likikwama.

Sita, uhamisho

Hapa mambo ni ya utaratibu tu. Mthamini aliyesajiliwa anaandaa taarifa, inaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Fomu za ardhi namba 29, 30 na 35 zinajazwa na kusainiwa mbele ya wakili. TRA wanakokotoa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na hii ni ya muuzaji. Kama ni nyumba aliyokuwa anaishi mwenyewe na faida haizidi milioni 15, inaweza kusamehewa. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida ni wa mnunuzi. Bila karatasi ya TRA uhamisho hauendi, kwa hiyo kama muuzaji hana pesa ya kodi, kubalianeni ikatwe kwenye salio na uilipe wewe moja kwa moja kwa kontroo namba. Mume na mke mnaonunua pamoja, andikisheni majina yote mawili.

Kama ni pagale au kiwanja, kabla ya kushangilia piga tena hesabu ya vifaa. Saruji na mabati yanasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na bei ya dukani Mwanga inabeba safari hiyo. Tofali za kuchoma tunazo hapa hapa. Nunua za kiangazi, zilizokauka, uzirundike na kuzifunika kabla ya Oktoba.

Siku utakayokabidhiwa, soma mita ya LUKU pamoja na muuzaji na upige picha namba yake, kwa sababu tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo na deni lake utalirithi. Nenda TANESCO na KUWASA ubadilishe majina wiki hiyo hiyo. Kisha rudi kiwanjani na majirani wale watatu uliowasalimia mwanzoni, muyapitie mawe ya mipaka pamoja, moja baada ya jingine, na palipo na jiwe lililozama mchimbe mpaka lionekane.